Ndevu za Hemingway na shamba la Sao Hill

Kwenye kibanda umiza, uwe Mwanjelwa au Mafinga, ipo kanuni ambayo hata mtoto aliyetoroka tuisheni anaijua: staringi hafi. Atapigwa risasi, atatupwa mtoni, ataangukiwa na ghala zima, tulia, atarudi. Mwaka 1952 Hollywood iliitumia kanuni hiyo kwa Ernest Hemingway, wakati mwenyewe yuko hai na ana nguvu zote za kukasirika. Hadithi yake fupi "The Snows of Kilimanjaro", iliyotoka mwaka 1936, inamhusu Harry, mwandishi anayelala hoi kambini mguu ukimwoza baada ya kuchomwa na mwiba tu. Katika hadithi Harry anakufa. Katika filamu iliyoongozwa na Henry King, Harry ni Gregory Peck, na Gregory Peck anapona.

Peck hakuitwa Hemingway, lakini hakuna aliyedanganyika. Mwandishi wa filamu alichota vipande vya vitabu vingine vya Hemingway na vya maisha yake, Paris humo, vita ya Hispania humo, mapigano ya fahali humo, akavimwaga vyote juu ya Harry. Hemingway alipokea dola 125,000 kwa hadithi yake, akaichukia filamu. Tangu hapo waigizaji wamepokezana sura yake, wengi safari hii kwa jina lake kabisa, na ukiwaweka bega kwa bega unaweza kuapa kwamba ni watu watano tofauti waliogombania ndevu moja.

Mbona tuhangaike nayo huku kwetu? Kwa sababu mtu huyo alilala Mufindi. Mwanawe wa pili, Patrick, aliyezaliwa mwaka 1928, alimaliza Harvard mwaka 1950 na baada ya mama yake kufariki mwaka 1951 akachukua urithi wake, akaja Tanganyika, akanunua shamba John's Corner, jirani na Sao Hill. Leo abiria wa basi la Iringa kwenda Mbeya akishavuka Mafinga anaingia katikati ya misonobari ya Shamba la Miti la Serikali, na malori ya nguzo na mbao yanapishana barabarani. Zama zile misitu hiyo ilikuwa haijatanda hivyo. Palikuwa na nyasi, baridi, na walowezi wachache waliosumbukia chai, tumbaku na pareto. Mwaka 1953 Hemingway na mke wake wa nne, Mary Welsh, walifika kumtembelea kijana, kisha wakateremka pamoja kuwinda kwenye tambarare za Usangu, ambazo ramani za Mwingereza ziliziita Buhoro. Kwa mipaka ya sasa ni upande wa Mbarali, mkoani Mbeya. Sehemu kubwa ya eneo hilo iliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008, kwa hiyo mahali Hemingway alipokwenda na bunduki mtalii wa leo anaruhusiwa kamera peke yake.

Nimezitazama filamu hizi nikiwa na swali moja kichwani: mtu wa Usangu na Sao Hill yuko wapi? Jibu fupi ni kwamba hayupo. Jibu refu lina utamu zaidi, kwa sababu linaonyesha jinsi filamu ya mwandishi inavyotengenezwa. Kila moja inamchagua mtu wa kusimama kando ya Hemingway na kumtazama kwa niaba yetu. Ukishamjua huyo shahidi, sura ya Hemingway utakayoiona unaweza kuitabiri kabla taa hazijazimwa.

Chukua "In Love and War" ya mwaka 1996, iliyoongozwa na Richard Attenborough. Shahidi ni nesi, Agnes von Kurowsky, anayeigizwa na Sandra Bullock. Hemingway ni Chris O'Donnell, kijana wa miaka kumi na minane aliyejeruhiwa Fossalta, Italia, tarehe 8 Julai 1918, akapelekwa hospitali ya Milano na kumpenda mwuguzi aliyemzidi miaka saba. Hayo yalitokea. Mwaka 1919 Agnes alimwandikia barua ya kumwacha, nayo ilitokea. Kisha watengenezaji wakaona hayatoshi. Wakamsafirisha Agnes hadi kibandani kwa familia ya Hemingway, kando ya Ziwa Walloon, akiwa amekuja kuomba warudiane, na kijana akakataa kwa kiburi. Katika maisha halisi hawakuonana tena. Kibaya ni kazi ambayo uongo huo umepewa: tuamini kwamba Hemingway mkali, mlevi, mwenye wake wanne, alizaliwa mlangoni pale, siku ile. Yaani maisha ya miaka sitini na moja yameelezwa kwa barua moja ya mapenzi. O'Donnell naye ana uso safi kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza siku ya kuripoti shule. Humwamini kwamba siku moja ataandika hata barua ya kuomba kazi.

"Hemingway & Gellhorn", filamu ya HBO ya mwaka 2012 chini ya Philip Kaufman, inamweka shahidi mwenye meno. Martha Gellhorn, mke wa tatu, mwandishi wa habari za vita, anatusimulia akiwa mzee, sigara mkononi, na Nicole Kidman anamwigiza kwa macho makavu yasiyoomba huruma. Clive Owen ndiye Hemingway. Kwa kuwa Gellhorn hakumsamehe, Owen hana nafasi ya kupendeza kwa muda mrefu. Kilele chake ni Juni 1944: Hemingway anamnyang'anya mkewe nafasi ya kuripoti kwa jarida la Collier's, na mke, asiye na kibali, anajificha ndani ya meli ya hospitali hadi pwani ya Normandy na kukanyaga nchi kavu, wakati bwana mkubwa alitazama uvamizi kutoka chomboni. Ni kweli, na ni mojawapo ya mambo yanayotosha kumshusha mtu hadhi milele. Tatizo la Owen ni kwamba anaigiza sauti. Kila sentensi anaitoa kifuani kama anayetangaza mechi ya ndondi, hata anapoomba chumvi.

Hapa nina dukuduku. Gellhorn huyo aliishi Kenya kwa vipindi virefu baada ya kuachana na Hemingway, akajenga nyumba kwenye miteremko ya Longonot, akaandika kitabu cha hadithi za Afrika, "The Weather in Africa", kilichotoka mwaka 1978. Mwaka huohuo akatoa kitabu cha safari ambamo Hemingway anatajwa kwa herufi mbili tu, jina lake lisionekane kabisa. Alichukia kugeuzwa tanbihi katika maisha ya mtu mwingine. Filamu inamtetea kwa saa mbili na nusu, kisha inaliweka jina la mume mbele.

Shahidi wa tatu ni shabiki. Katika "Papa: Hemingway in Cuba", iliyoongozwa na Bob Yari, mwandishi kijana wa gazeti anamwandikia Hemingway barua, anaitwa Cuba kwenda kuvua samaki, anageuzwa mtoto wa nyumbani. Kisa kinatokana na maisha ya Denne Bart Petitclerc, aliyeandika filamu hiyo mwenyewe. Walipiga picha Cuba, ndani ya nyumba ileile ya Finca Vigía, na inatajwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya Hollywood kupigwa huko baada ya mapinduzi ya 1959. Adrian Sparks, aliyekuwa amemwigiza Hemingway jukwaani kabla ya hapo, amefanana naye kupita wote: tumbo, ndevu nyeupe, namna ya kusimama kizito kama mtu anayeumwa mgongo. Lakini shabiki haoni chanzo, anaona matokeo. Tunaona mzee anakunywa, anamtukana mkewe mbele ya wageni, anashika bastola, anashuku FBI wanamfuata. Hatuambiwi kilichomfikisha hapo, nami naona ndilo kosa kubwa kuliko yote katika filamu hizi, kwa sababu sehemu nzito ya jibu iko Afrika Mashariki.

Tarehe 23 Januari 1954 Hemingway na Mary walikuwa ndani ya Cessna ya rubani Roy Marsh, wakizunguka juu ya maporomoko ya Murchison, Uganda. Ndege ikagusa waya wa simu wa zamani, ikaanguka. Walilala porini, kesho yake chombo kikawachukua hadi Butiaba, kwenye Ziwa Albert. Huko wakapakizwa kwenye ndege nyingine, aina ya Rapide, ambayo ilipokuwa ikijaribu kuruka ikashika moto. Marsh na Mary walipenya dirishani. Hemingway hakuenea. Mlango ulikuwa umekwama, na bega lilikuwa limeumia tangu jana, akaupiga kwa kichwa mpaka ukafunguka. Magazeti ya dunia yalikuwa yameshatangaza kifo chake. Akaja kuyasoma matanzia yake mwenyewe akiwa na fuvu lililopasuka, ini na figo zilizojeruhiwa, pingili ya mgongo iliyopondeka na majeraha ya moto. Kutoka Mufindi Patrick alikodi ndege, akamfuata baba yake Entebbe akiwa na fedha taslimu. Mwishoni mwa mwaka huo Hemingway alipata Tuzo ya Nobel na hakuweza kwenda Stockholm kuipokea.

Fikiri mwigizaji angefanya nini na mlango ule wa Butiaba. Ni tukio lenye moto, hofu, ujinga na ushujaa kwa wakati mmoja, na halihitaji kuongezewa chumvi. Waliolitendea haki ni Ken Burns na Lynn Novick, katika filamu yao ya mambo halisi ya mwaka 2021, sehemu tatu, jumla ya saa sita. Wao wanahesabu mitikisiko ya ubongo aliyoipata maishani, wanaipanga pamoja na pombe na huzuni iliyokuwa ikitembea katika ukoo, na tarehe 2 Julai 1961, alipojiua Ketchum, Idaho, inaacha kuwa fumbo la kishujaa. Kuna sababu yenye damu na mifupa. Patrick anaonekana humo, mzee wa zaidi ya miaka tisini, akimzungumzia baba yake bila kumpamba wala kumlipiza kisasi. Dakika zake chache zinazidi saa zima za Clive Owen.

Wengine nawapita haraka. Mwaka 1988 walikuja wawili kwa mpigo: Stacy Keach katika tamthilia ya televisheni iliyompa tuzo ya Golden Globe, na Kevin J. O'Connor katika "The Moderns", akiwa mlevi wa pembeni wa mikahawa ya Paris. Dominic West anatokea kidogo katika "Genius" ya mwaka 2016, gatini, na samaki mkubwa kama mlango wa kanisa. Samaki ndiye unayemkumbuka.

Aliyebaki ni Corey Stoll, na kwangu ndiye bora. Filamu ni "Midnight in Paris" ya Woody Allen, mwaka 2011. Mmarekani mmoja anayeota kuwa mwandishi anapanda gari la kale usiku wa manane na kujikuta katika Paris ya miaka ya 1920. Anaingizwa mkahawani na Hemingway yuko pale, anazungumza bila kupepesa jicho, kuhusu mauti, ujasiri na wanawake, sentensi fupifupi, kana kwamba kila neno analipiwa. Stoll ana kipara. Nywele zote zile ni wigi. Lakini hatanii. Anayaamini anayoyasema, na hapo ndipo kicheko kinapotoka. Filamu inakiri waziwazi kwamba huyu ni Hemingway wa kichwani mwa msomaji wake, aliyeshonwa kwa vitabu vyake. Wenzake wanatuapia kwamba wametuletea mtu halisi huku wakituuzia ndevu. Stoll anauza ndevu na bei ameibandika. Ndiyo maana naweza hata kumsamehe Allen anapomfanya Hemingway aondoke na mrembo Adriana kwenda Kilimanjaro katikati ya miaka ya 1920. Hemingway hakuiona Afrika kabla ya Desemba 1933. Lakini ndoto haina kalenda.

Kumchagua mtu kwa kufanana sura kuna kichekesho chake, na huko Key West, Florida, kila Julai wazee wenye ndevu nyeupe hushindana kwenye baa ya Sloppy Joe's kujua nani anamshinda mwenzake kwa kufanana na Hemingway. Iringa tunaijua biashara hiyo katika umbo lisilochekesha. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijipiga risasi mwaka 1898, Wajerumani wakachukua kichwa chake. Gavana Edward Twining alipokwenda Bremen miaka hamsini na tano baadaye, alikuta mafuvu mengi, akachagua moja kwa vipimo vilivyokaribiana na vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa walio hai. Tarehe 19 Juni 1954 alilikabidhi Kalenga, mbele ya Chifu Adam Sapi Mkwawa. Ulikuwa mwaka uleule wa Butiaba, na Patrick Hemingway alikuwa mkazi wa jimbo hilohilo. Mkwawa naye ameshachorwa na kila anayemhitaji: mwasi katika maandiko ya maofisa wa Kijerumani, zawadi ya serikali ya Twining iliyotaka utulivu wakati Kenya inawaka moto wa Mau Mau, shujaa wa taifa katika tamthilia ya M. M. Mulokozi, "Mukwava wa Uhehe". Kwa hiyo hatuhitaji kufundishwa na Hollywood kwamba sura ya mtu mashuhuri hutegemea nani ameishika kamera. Ajabu ni kwamba upande wa Hemingway tumekubali kuwa watazamaji tu.

Na mashahidi wetu hawakosekani. Patrick mwenyewe alikaa Afrika Mashariki kama robo karne, akaendesha kampuni ya uwindaji, kisha tangu mwaka 1963 akafundisha Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, ambako Waafrika walisomea kazi ya kuzisimamia mbuga zao. Mkewe wa kwanza, Henrietta, alifariki mwaka huohuo. Mwaka 1975 alihamia Montana, na huko, mjini Bozeman, alifariki Septemba 2025 akiwa na miaka 97. Ndiye aliyeuchukua mswada mkubwa ambao baba yake aliuacha kuhusu safari ya 1953 na 1954, akaukata hadi karibu nusu, akautoa mwaka 1999 kwa jina "True at First Light". Mwaka 2005 wahariri wengine wawili wakautoa karibu wote, kwa jina "Under Kilimanjaro". Mwandishi mmoja, mswada mmoja, Hemingway wawili. Msomaji wa cha pili anakutana na mzee mwenye maneno mengi zaidi, mcheshi zaidi, na anayezunguka zaidi bila kufika. Kumbe hata mtoto aliyemjua kuliko sisi sote naye alilazimika kushika mkasi.

Lakini shahidi ninayemtaka mimi kwenye filamu ni mwingine. Katika "Green Hills of Africa", kitabu cha mwaka 1935 kuhusu safari ya kwanza, Hemingway anafuatana na mbeba bunduki wake, Mkamba anayemwandika kwa jina la M'Cola. Mzee, kipara, hacheki ovyo, lakini anacheka Hemingway anapokosa ndege, na unywaji wa bwana huyo nao ni kichekesho chake cha kudumu. Mwanzoni hamhesabu kabisa. Anayemheshimu ni Mama, yaani Pauline, mke wa pili. Siku ya simba, Pauline alifyatua, kisha Hemingway akafyatua, simba akaanguka. M'Cola akatangaza kwamba Mama ndiye aliyempiga, na hakurudi nyuma. Kambini Pauline alibebwa juujuu kwa nyimbo. Hemingway, ambaye alijua risasi ilitoka wapi, ilibidi aandike yote hayo kwa mkono wake mwenyewe, na ni sifa yake kwamba aliyaandika.

Ukimpa M'Cola kamera, staringi wa safari ile anabadilika papo hapo. Na mahesabu yanamuunga mkono. Gharama za safari ya 1933, kama dola 25,000, zilitolewa na ami yake Pauline, Gus Pfeiffer. Urithi uliompa Patrick shamba la John's Corner ulitoka kwa Pauline huyohuyo. Katika "Hemingway & Gellhorn" Pauline ni Molly Parker, mke mwenye uchungu anayeachwa Key West ili kisa kianze.